Filta ya Tarehe Kumi na Saba

Nashon alisema "usiiguse" mara tatu, na ni ile mara ya tatu iliyomtia Lynnet shaka.

Mara ya kwanza aliisikia kama upole wa kawaida. Nashon alikuwa rafiki wa mumewe tangu enzi za kaptura, fundi wa pikipiki pale Rongo, na tangu Bravin azikwe mwishoni mwa mwezi wa tatu alikuwa akija bomani kila Jumamosi asubuhi kuipasha moto pikipiki ya marehemu. Aliitoa sebuleni akiisukuma polepole, akaiwasha uani, ikanguruma dakika kumi huku kuku wakikimbilia migombani, kisha akaizima, akaifunika shuka lake na kuirudisha ndani. Hakunywa hata chai. Jumamosi iliyopita alisema kwamba wiki hii angekuja Ijumaa kubadilisha oili, kwa hiyo Lynnet asiiguse. Akasema tena alipokuwa akivaa helmeti. Akafika langoni, akazima boda yake, akarudi kwa miguu hatua zote zile kuja kusema mara ya tatu, na safari hii macho yake yalikuwa ukutani.

"Oili nitabadilisha mimi, Shemeji. Wewe usiiguse kabisa."

Lynnet alimtazama mpaka akapotea barabarani. Mtu harudi kutoka langoni kwa ajili ya oili, alijiambia.

Ilikuwa pikipiki ya mbio, ya kijani, ile aina ambayo mwendeshaji huinama juu ya tangi kama mtu anayenong'oneza. Katika eneo lao lote, kilomita nne nje ya Rongo, hakukuwa na nyingine. Watoto waliiita Nzige. Bravin alikuwa fundi wa umeme kwa mkandarasi mmoja mwenye ofisi Migori, na kila jioni kijiji kilijua amerudi kabla hajaonekana, kwa sauti.

Halafu alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku mizani ya dukani, alishuku mita ya stima, alishuku mafundi wote wa dunia hii. Alipenda kusimulia juu ya mwalimu mmoja aliyeacha pikipiki yake gereji siku mbili, akarudishiwa inayokohoa kama ng'ombe mzee, kwa sababu kila kilichokuwa kizima ndani yake kilikuwa kimehama. Nashon aliruhusiwa kugusa breki na cheni. Oili hakumruhusu. Oili ilibadilishwa nyumbani, uani, na watu wawili tu: Bravin amelala chali chini, Lynnet amechuchumaa akimpa spana na kushika karai. "Oili haidanganyi," alikuwa akimwambia. "Ukiiona inavyotoka, unajua mtu ameishi nayo vipi."

Kila walipomaliza alichukua kalamu nyeupe, ile ya kuandikia juu ya chuma, akaandika kwenye filta mpya tarehe, idadi ya kilomita, na waliofanya kazi: B na L. Na kila alipojua hataendesha kwa siku kadhaa, aliandika kilomita kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule, nyuma ya mlango. Ukuta hausahau, alisema. Asubuhi aliyopelekwa hospitali, akiwa hawezi kupanda ngazi mbili bila kusimama, alijikokota mpaka nyuma ya mlango na kuandika: 22,914.

Mtu wa namna hiyo, eti ndiye aliyempa Nashon pikipiki kwa maneno matupu.

Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Lynnet usingizi. Wiki moja baada ya maziko, Nashon alimwendea mama mkwe, Phelesia, akamwambia kwamba siku chache kabla ya kufa Bravin alimwachia pikipiki kwa mdomo wake, pale hospitalini, wakiwa wawili. Phelesia akalipeleka neno hilo kwa baba mkubwa wa Bravin, na baba mkubwa akasema sawa, wazee wangekaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita kugawa vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka, na siku hiyo mjane ataulizwa mbele ya wote: Je, neno hili la Nashon ni la kweli? Akisema ndiyo, Nzige atatoka langoni, na bintiye Valentine, aliyekuwa darasa la pili, hatakuwa na kitu cha baba yake zaidi ya koti na saa. Akisema hapana, atakuwa amemwita mwongo, mbele ya ukoo mzima, mtu aliyembeba mumewe mabegani.

Yeye hakusikia neno lolote. Siku ambayo Nashon aliitaja, Lynnet hakuwepo. Bravin alikuwa amemtuma Migori.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya wazee kukaa. Phelesia alikuwa ameenda sokoni, Valentine shuleni. Lynnet aliitoa pikipiki sebuleni kwa mgongo na magoti, akiwa na hofu isimwangukie, akainua gurudumu la nyuma kwa stendi ambayo Bravin aliichomelea kutokana na chuma cha kitanda cha zamani. Akaleta karai, spana, matambara. Akashusha mkebe kutoka juu ya kabati, ule wa mafuta ya kupikia ambamo Bravin aliweka filta zilizoletwa kwa basi kutoka Nairobi. Alinunua tatu kwa mpigo. Moja waliiweka pamoja mwezi wa kwanza, Lynnet alikumbuka vizuri, tarehe kumi na moja, kwa sababu mvua iliwafukuza uani. Mkebeni zilipaswa kubaki mbili.

Ilikuwapo moja.

Aliugeuza mkebe juu chini, akaupigapiga kama mtu anayetaka sukari ya mwisho. Moja.

Basi akaingia ndani, akasoma tena namba ya mkaa nyuma ya mlango, akatoka, akageuza ufunguo ili dashibodi iwake. 23,006. Akachukua kijiti akaandika mchangani, maana hesabu hakuwahi kuiamini kichwani. Tisini na mbili zaidi. Siku ya maziko, katika desturi ya buru, vijana walipokifukuza kifo kwa ng'ombe na pikipiki mpaka kijitoni, mmoja wao alimpanda Nzige akamvumisha njia nzima. Hiyo ni kwenda na kurudi, kilomita nne, haizidi. Zilibaki themanini na nane.

Nashon alisema anaipasha moto tu. Pikipiki iliyosimama haihesabu kilomita.

Aliiwasha injini dakika tatu, oili ipate kulegea, kama alivyofundishwa, akaizima. Alifungua kava ya plastiki ya chini, skrubu sita, akazipanga kwenye kifuniko cha mkebe zisipotee. Akalala chali. Hakuwahi kuwa upande huu. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akichuchumaa pale juu, akiona viatu vya mume tu. Aliegemeza soketi kwenye boliti, akavuta. Ikagoma. Akavuta kwa mikono miwili, ikalia, ikaachia.

Oili ilitoka ya rangi ya asali.

Lynnet aliitazama ikimiminika karaini, nyembamba, ya moto, inang'aa juani. Ile aliyoitegemea ilipaswa kuwa nyeusi kama masizi, oili ya mwezi wa kwanza iliyokwenda Migori na kurudi wiki saba. Hii ilikuwa changa. Mtu alikuwa ameibadilisha. Mtu alichukua filta mkebeni, ndani ya nyumba yake iliyofungwa, akaendesha kilomita themanini na nane, akabadilisha oili, akairudisha pikipiki chini ya shuka kama hakuna kitu. Na mtu huyo sasa alitaka kuja kesho kuibadilisha tena, oili isiyo na haja ya kubadilishwa.

Alikuwa bado amelala pale aliposikia viatu vya mama mkwe.

Phelesia alisimama na kikapu kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi, na tangu msiba alikuwa amemtendea Lynnet kwa wema. Aliangalia karai, akaangalia boliti mkononi mwa mkwe wake, akakishusha kikapu polepole mno.

"Nyathina," alisema, mwanangu, "vitu vya marehemu haviguswi kabla wazee hawajakaa."

"Nashon anaigusa kila Jumamosi, Mama."

Phelesia aliuliza kama amefungua kila kitu. Lynnet akasema bado, imebaki filta. Mama mkwe akasema ngoja kwanza, apumzike, anywe maji, kuna haraka gani. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, na Lynnet, ambaye masikio yake asubuhi hiyo yalikuwa makali kama ya sungura, akamsikia akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini.

"Njoo," alisema Phelesia. "Njoo sasa hivi. Ameifungua."

Basi ni wawili, Lynnet aliwaza. Wema wote ule, uji aliopelekewa kitandani, kichwa alichosukwa, Valentine aliyebebwa mgongoni akiwa mkubwa hivi. Vyote vikageuka kwa dakika moja vikawa na sura nyingine, kama sahani safi unayoiinua ukakuta chini yake mende. Ufunguo wa nyumba, siku zote alizokuwa hospitalini, ulikuwa kwa nani? Kwa Phelesia.

Hakungoja. Aliuzungusha mkanda wa suruali wa Bravin kwenye filta, akaukaza, akauvuta kama kamba ya ndoo. Filta ilikuwa imekazwa kwa mkono usio na nguvu. Ilizunguka mara moja tu, ikamtemea oili kiganjani, ikatoka. Aliifuta kwa tambara. Maandishi meupe yakajitokeza.

17-3. 22,952. B na N.

Ile saba ilikuwa na kistari katikati. Hakuna mtu mwingine aliyemjua aliyeandika saba hivyo. Mistari ilitetemeka, na N ilikuwa imelala upande, lakini mkono ulikuwa wa Bravin, aliujua kama alivyoijua sauti yake.

Bravin alikufa tarehe ishirini na moja. Tarehe kumi na saba alikuwa amelazwa Homa Bay, katika hospitali moja ya binafsi kando ya mji, moyo umevimba, daktari amemkataza hata kwenda bafuni peke yake. Na siku hiyohiyo ndiyo alimtuma Lynnet Migori, ofisini kwake, akachukue barua ya bima. Alisisitiza sana. Lynnet alienda, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane, akaambiwa barua hiyo ilishatumwa kwa simu tangu wiki iliyopita na mgonjwa mwenyewe anayo. Aliporudi jioni Bravin alisema ah, nilisahau. Siku mbili baadaye, alipokuwa akimkata kucha, aliona ukingo mweusi chini ya kila kucha na kumuuliza ni nini. Alisema ni wino. Alisema walimtaka atie dole gumba kwenye fomu.

Vidole kumi, wino wa dole gumba. Na yeye alimwamini.

Aliifunga ile filta kwa tambara, akaifunika kwa karai jingine tupu, akakaa juu yake.

Nashon alifika kabla maji ya chai ya Phelesia hayajachemka. Alikuja bila helmeti, bado na aproni ya gereji. Alimsalimia Phelesia, kisha akasimama mbele ya pikipiki iliyovuliwa nguo, akatazama pale palipokuwa na filta. Palikuwa na tundu. Alitazama chini, huku na huku, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Umefanya kazi nzuri, Mama Valentine," alisema. "Sasa nipishe, nimalizie. Ile filta ya zamani umeitupa wapi?"

"Unaitakia nini?"

"Ni takataka. Zinachafua. Nitaenda nayo."

Lynnet alimuuliza, kwa upole kabisa, ile filta iliwekwa lini. Nashon akasema si mwezi wa kwanza? Akamuuliza iliwekwa na nani. Nashon akajaribu kutabasamu. "Si wewe na bwana yako. Mimi oili alikuwa haniruhusu, unamjua vile alikuwa na roho ya askari."

Hapo Lynnet alinyanyuka, akaliondoa karai, akafungua tambara.

Jikoni sufuria ilianza kuchemka na Phelesia hakwenda kuiepua. Nashon alichuchumaa taratibu, mgongo kwenye gurudumu, akaishika ile filta kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai, na kwa kidole gumba akaifunika ile N.

Alieleza akiangalia ardhi, na hakueleza vizuri. Alirudi nyuma, akaruka mbele, ikabidi Lynnet amuulize tena na tena. Kwamba Bravin alimpigia simu tarehe kumi na sita. Kwamba alisema anajua hatatoka pale, na kuna kazi moja ameiacha: Nzige amepita muda wake wa oili. Nashon akamwambia nitaibadilisha mimi, ndugu yangu, tulia. Bravin akasema la, na wewe ukiigusa kabla yangu nitakufufukia. Siku iliyofuata Nashon aliendesha kutoka bomani mpaka Homa Bay, akaiweka nyuma ya kibanda cha dada yake Roseline anayekaanga samaki karibu na ziwa, akampitia Bravin kwenye ua wa hospitali, pale wagonjwa wanapoota jua mchana, akampakia kwenye tuktuk akiwa na koti juu ya nguo za kulalia. Kilomita haifiki hata moja. Roseline alitandika gunia. Bravin alilala chini akafungua boliti mwenyewe. Ilimchukua karibu saa nzima, kazi ya dakika ishirini. Alipumzika mara nne. Nashon alishika karai.

"Ufunguo wa nyumba?" Lynnet aliuliza.

"Nilitoa mimi," alisema Phelesia kutoka kwenye mlango wa jikoni. "Alinipigia mwenyewe. Nilimkatalia. Akapiga tena nikamkatalia. Ya tatu hakusema kitu, nilisikia tu anavyopumua. Mimi nimemzaa. Ungefanya nini?"

Lynnet angefanya nini? Angekataa. Angekataa mara kumi, angeichukua ile simu na kuizima. Ndiyo maana alitumwa Migori.

Alichukua kijiti chake, akarudi kwenye namba zake mchangani. Bomani mpaka Homa Bay, Bravin aliwahi kuipima, ni thelathini na nane. Kwenda na kurudi sabini na sita. Kwa themanini na nane, zinabaki kumi na mbili.

"Kumi na mbili hizi ni za wapi, Nashon?"

Nashon aliigeuzageuza ile filta mikononi.

"Alininyang'anya ufunguo," alisema mwishowe. "Nilikuwa nanawa mikono. Nikasikia imewaka. Alisema nisimfuate, na ningemfuata na nini? Alishika barabara ya Mbita. Robo saa, Shemeji. Niliketi kwenye lile gunia nikijua nimemuua. Akarudi. Akaiegesha vizuri, akasema imenyamaza sasa, haigongi. Basi."

"Alikwenda wapi?"

"Sijui. Naapa sijui. Nilimuuliza, akacheka."

"Alirudi akipumua vipi?"

"Kama mtu aliyepanda mlima."

Baada ya siku nne Bravin alikufa. Hilo hakuna aliyelisema. Lilikuwa limekaa pale uani kama mtu wa nne, na Lynnet sasa alielewa zile Jumamosi zote, na zile dakika kumi, na chai isiyonywewa. Lakini jambo moja lilikuwa bado limesimama njiani, na hakutaka kulizunguka.

"Na lile neno la kwamba alikuachia. Alilisema saa ngapi? Kabla ya gunia au baada?"

Nashon alitikisa kichwa. Alisema hakuachiwa kitu. Alisema siku ya maziko, vijana walipokuwa wakiivumisha pikipiki, ndipo alipokumbuka kwamba Bravin aliandika kwenye filta kama kawaida yake, na kwamba oili ikibadilishwa tena na mtu yeyote, mtu yeyote yule, ile tarehe itaonekana. Angeweza kuitoa siku moja kimyakimya, lakini kila Jumamosi Lynnet alikuwa amesimama dirishani. Alitaka iwe yake siku moja tu. Afungue, aitoe, aitupe ziwani. Baada ya hapo angemrudishia Valentine, alikuwa ameshapanga hata maneno ya kusema. Ile oili ya Ijumaa aliibuni baadaye, kwa hofu kwamba Lynnet angemkatalia mbele ya wazee.

"Ungeniambia," Lynnet alisema.

"Ningekwambia nini? Kwamba mumeo nilimtoa kitandani mimi?"

Alikuwa amemshuku kwa wizi, na alikuwa amekosea. Alikuwa amemshuku kwa uongo, na alikuwa sahihi. Hakujua afanye nini na mambo hayo mawili yakiwa ndani ya mtu mmoja, amechuchumaa, anatoa machozi bila sauti kwenye aproni ya gereji. Na alipomtazama Phelesia aliona kwamba naye alikuwa akingoja hukumu, mzee wa watu, na kijiko cha chai mkononi.

Lynnet alirudi chini. Alisafisha boliti, akaweka washa mpya, kile kipete kinachokaa chini yake, akakaza kwa nguvu ile aliyofundishwa, ya kukaza halafu kuongeza kidogo, si zaidi, chuma laini hakipendi hasira. Alipaka oili kwenye mpira wa filta mpya kwa ncha ya kidole, akaizungusha mpaka ikashika. Akamwaga oili ya galoni, ile aliyoinunua jana Rongo kwenye duka lisilo karibu na gereji ya Nashon, mpaka ikafika katikati ya kidirisha cha kupimia. Kabla ya kufunga kava alichukua kalamu nyeupe, akaandika tarehe na kilomita. Akasita. Akamnyooshea Nashon kalamu, kisha akaivuta tena kabla hajaipokea. Aliandika L peke yake.

Ndani, nyuma ya mlango, chini ya namba ya mumewe, aliandika kwa mkaa: 23,006.

Jumamosi wazee walikaa kwenye viti vya plastiki uani, watu kumi na wawili, na baba mkubwa katikati na fimbo yake. Vitu vya Bravin vilitandazwa kwenye mkeka: makoti, viatu vya kazini, saa, redio, sanduku la spana. Nzige alisimama kando, bila shuka. Ugawaji ulikwenda bila maneno mengi mpaka ukafika kwake, na baba mkubwa akageuka kwa Lynnet kuuliza alichoahidi kuuliza.

Kabla hajafungua mdomo Nashon alisimama. Alisema lile neno alilolileta mwezi wa nne analirudisha. Marehemu hakumwachia pikipiki.

Minong'ono ilizunguka mkeka. Shemeji mmoja akacheka kwa pua. Baba mkubwa, ambaye alikuwa mpole lakini si mjinga, alimtazama Nashon kwa muda, akamtazama Phelesia aliyekuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso, akaona kwamba kuna kitu. Akauliza mtu mzima anasemaje neno la marehemu, halafu analila? Kulikuwa na nini hospitalini? Nashon alimwangalia Lynnet, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeweka shingo na kungoja.

Lynnet angeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mafupi, ya kweli: gunia, boliti, barabara ya Mbita. Aliwaza jinsi watu hawa kumi na wawili watakavyoyabeba kwenda nayo makwao, na kufika Jumapili itakuwa Nashon alimtoa mgonjwa kitandani, kufika Jumatatu itakuwa mama alikubali mwanawe afe kwa ajili ya pikipiki. Na zile kilomita kumi na mbili, kila mmoja angejaza mahali pake pa kwenda, nyumba yake, mwanamke wake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshazijaza mara nyingi tangu Alhamisi. Alijua ataendelea kuzijaza.

"Pikipiki ibaki ya Valentine," alisema. "Nitaitunza mimi mpaka akue. Mengine, Baba, sina."

Baba mkubwa alifikiri, akakubali kwa kichwa. Aliagiza iandikwe, na karani wa ukoo akaleta karatasi na kumwonyesha Lynnet pa kutia sahihi. Aliinama juu ya mkeka. Baba mkubwa alikuwa karibu, na ingawa macho yake yalikuwa yamezeeka aliona mkono ulioshika kalamu, akaushika kwa vidole vyake vikavu na kuugeuza juani.

"Nyathina, kucha zako zina nini?"

Chini ya kila kucha kulikuwa na ukingo mweusi. Alikuwa amesugua kwa sabuni, kwa jivu, kwa mchanga, na haukutoka. Upande wa pili wa mkeka Phelesia aliacha kukunja leso. Nashon alikuwa bado amesimama.

"Ni wino, Baba," alisema Lynnet, akatia sahihi.